Mama Pindo, Fundi Aliyeshona Beji za Kila Jeshi

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawashukuru kwa kufika. Tunajua wapo waliokuja kulia, wapo waliokuja kuzika, na wapo waliokuja kusikiliza nani atatajwa. Wote karibuni, viti ni vile vile. Marehemu mwenyewe alizoea kusema kwamba msiba usio na mpelelezi ni msiba wa mtu asiyejulikana. Huu ndio wasifu wake. Wanawe wamekubaliana usomwe wote, pamoja na yale ambayo kwa miaka mingi yamesemwa pembeni, mkono ukiwa mdomoni.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 3 Juni 1954 katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni ya zamani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mama aliyelima mboga. Alipozaliwa, mpaka ulipita nyuma ya nyumba yao. Alipofikia umri wa kuanza shule, mpaka ulikuwa unapita mbele. Nyumba haikusogea, ni wakubwa walioketi mezani mbali kabisa na hapa wakakubaliana hivyo. Baba yake alijigamba kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyehamia nchi nyingine akiwa usingizini. Mdogo wake wa kike, ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Chiriku, alizaliwa miaka minne baada yake, nchi nyingine, kitanda kile kile. Jina hilo alipewa na bibi yao kwa sababu alianza kusema kabla ya kutambaa, na tangu hapo hajapumzika.

Mama Pindo aliingia darasa la kwanza mwaka 1961. Mwaka uliofuata nchi ilibadilisha wimbo wa taifa, na asubuhi moja mtoto huyu alisimama mstarini akauimba ule wa zamani kwa sauti yake yote. Alichapwa. Aliyemchapa ni mwalimu yule yule aliyemfundisha wimbo huo. Alilisimulia jambo hili akicheka, lakini mwisho wa kicheko aliongeza: "Kuanzia siku ile, nilitazama kwanza midomo ya wenzangu, ndipo nikafungua wangu." Alimaliza shule ya msingi, akaenda shule ya ufundi kujifunza ushonaji, na mwaka 1971 akarudi nyumbani na cheti na mkasi wa kwake.

Alifanya kazi chini ya fundi mmoja mzee wa suti, kisha mwaka 1974 akafungua chumba chake barabara kuu, ubavuni mwa duka la dawa. Mnakikumbuka chumba kile: cherehani ya miguu karibu na dirisha, pasi ya mkaa kwenye kipande cha bati, na vifungo vimepangwa rangi kwa rangi kwenye chupa za jemu. Jina la Mama Pindo alilipata kwa sare za shule. Kila sketi na kila kaptura aliikunjia pindo pana, ili mtoto akirefuka mzazi afumue na kushusha bila kununua nyingine. Mafundi wenzake walimlalamikia kwamba anaua biashara. Aliwajibu, "Watoto hukua, vitambaa havikui. Mmoja lazima amsubiri mwenzake."

Mwaka 1976 alifunga ndoa na seremala mmoja aliyeitwa Msumari. Walikutana kwa suruali. Msumari alileta suruali iliyochanika goti, ikashonwa. Wiki iliyofuata akaileta tena, goti lile lile. Mara ya tatu fundi akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga, akamwambia mbele ya wateja, "Kaka, suruali hii haikuchanika. Imechanwa. Na aliyeichana ana patasi."

Seremala akakuna kichwa. "Sasa ningekuja na sababu gani?"

"Ungekuja na salamu. Salamu haihitaji uzi."

Alirudi kesho yake bila suruali mkononi, akasalimia. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti na wavulana wawili. Walikuwa mke na mume waliochekana sana. Msumari hakuwahi kuvaa koti maishani mwake. Alisema koti ni jeneza lenye mikono. Hata siku ya harusi yake alisimama na shati jeupe, huku wazee wakinung'unika.

Agosti 1987 askari wa nchi ya mbali waliingia mjini. Serikali ndiyo iliyowaita, kuwapiga vita waasi waliodai eneo lote hili la mpakani na waliokuwa wakipata silaha kutoka nchi jirani. Waasi wale tuliwaita Watu wa Mlimani, na hao wageni tukawaita Buti Nyekundu, kwa sababu ya viatu vyao. Walipiga kambi kwenye kiwanda cha tumbaku kilichofungwa. Vijana na wanaume wa mji waliandikishwa kuwa mgambo wa kuwasaidia, na Msumari akawekwa kuwa kiongozi wa kundi lililolinda daraja. Mgambo walivaa kitambaa cha njano mkononi. Kila kitambaa kile kilipita chini ya sindano ya Mama Pindo.

Na si vile tu. Ofisa wa Buti Nyekundu aliyeshughulikia vifaa, ambaye watu walimwita Bwana Stoo, alimletea kazi zote za jeshi: beji za mabegani, mifuko ya risasi, suruali za kufupisha. Alikuwa mtu mpole, aliyejifunza lugha yetu haraka mno kwa mtu aliyesema amekuja kwa muda mfupi. Alimwita fundi "Mama" na kila mara aliuliza hali ya watoto kwa majina yao. Mama Pindo hakuwahi kumwambia majina hayo. Hilo lilimkosesha raha kuliko bunduki.

Haikupita muda mji ukagundua kwamba kwa Mama Pindo habari hufika kabla ya redio. Akionekana anashona beji za ukubwa mpya, basi wanaongezwa askari. Akionekana anashona mifuko ya kubebea maiti, basi watu walikimbia kununua unga. Kila aliyepita dirishani alipunguza mwendo ili achungulie rangi ya uzi. Jirani zake wakaanza kuja na nguo zisizo na tatizo. Mmoja alileta gauni zima kabisa, akalitandaza mezani, macho yakiwa kwenye kona ya kazi za jeshi.

"Limeharibika wapi, dada?" Mama Pindo alimuuliza.

"Wewe litazame tu. Wewe ndiye fundi."

Akaamua kuweka pazia. Ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Waliokuwa wakisema, "Mama Pindo anajua," sasa wakasema, "Mama Pindo anaficha." Kambini nako walisema anachungulia kwa niaba ya mgambo. Mgambo wakasema anachungulia kwa niaba ya kambi. Mumewe alimtetea kila mahali, ila usiku alikuwa akimuuliza kwa utani, "Leo umeshona nini?" naye alijibu, "Matundu ya vifungo." Ulikuwa utani wa watu wawili wanaoogopa jambo moja.

Chiriku naye alikuwa amepata kazi kambini, jikoni kwa maofisa. Watu waliongeza chumvi. Walisema hapiki tu. Walisema Bwana Stoo humsubiri atoke kazini, na kwamba mguu wake mmoja uko kwetu na mwingine uko kiwanda cha tumbaku. Mama Pindo hakumuuliza mdogo wake kama ni kweli. Alisema baadaye kwamba kutokuuliza ndiko kulikomgharimu zaidi kuliko yote yaliyotokea baadaye.

Sasa familia inafika mahali ambapo wengi mmekuwa mkipasimulia kila mtu kwa namna yake. Haya ndiyo aliyoyasimulia mwenyewe, na yamethibitishwa na walio hai.

Machi 1989, siku ya Alhamisi, Bwana Stoo alifika dukani na askari wawili na marobota ya kitambaa. Akaweka mezani beji ya mfano. Upande wa kushoto ilikuwa na nyota ya Buti Nyekundu. Upande wa kulia ilikuwa na mlima. Nyota na mlima, kwenye kitambaa kimoja, vimefungwa kwa uzi mmoja kuzunguka pindo.

Mama Pindo aliitazama beji ile, kisha akamtazama Bwana Stoo. "Hii ya nani?"

"Ya kikosi kipya, Mama. Zinahitajika zote Jumamosi jioni, kwa gwaride la Jumapili. Utashona bila kutoka. Vijana wangu watakaa mlangoni, usiwaze chochote, ni kwa usalama wako."

Kisha akainama, akachukua robota la kitambaa cha njano lililobaki, lile la mgambo, akalisokomeza kwenye gunia. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayesafisha meza baada ya chakula. "Hili halitahitajika tena," alisema.

Hakuhitaji kuelezwa. Wageni waliokuja kuwapiga Watu wa Mlimani walikuwa wamepatana nao. Na ikiwa nyota imeoana na mlima, basi walio na kitambaa cha njano ndio mahari. Mumewe alikuwa darajani, na ni yeye mkewe aliyemfunga kitambaa hicho mkononi asubuhi ile.

Alishona. Hilo limesemwa sana, na ni kweli: alishona. Askari walikuwa mlangoni na watoto wake walikuwa nyumbani peke yao. Lakini kila mshono aliutumia kufikiri. Mchana wa Ijumaa Chiriku akaja na chakula kutoka jikoni kwa maofisa. Askari mmoja alifungua chombo, akachokoa chakula kwa kijiti, kisha akamruhusu aingie na yeye akasimama pale pale kusikiliza.

Mama Pindo alimtazama mdogo wake. Huyu ndiye ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga kamba za viatu. Huyu ndiye aliyepika chakula cha Bwana Stoo asubuhi ile. Huyu ndiye aliyeshindwa kutunza siri hata ya zawadi. Na hakukuwa na mtu mwingine.

Akasema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, "Mwambie shemeji yako lile koti lake limegeuka, bitana iko nje. Asilivae Jumapili. Baridi ikimzidi aende kwa mama yake, akavae la baba yake."

Chiriku akafungua mdomo kama kawaida yake. "Koti gani? Shemeji hana koti! Lini umemwona shemeji na..."

Askari aligeuza kichwa. Cherehani ilisimama.

"Lile la harusi," Mama Pindo alisema polepole. "Wewe husahau kila kitu."

Chiriku akanyamaza. Waliomjua mnaelewa hilo ni jambo gani. Macho yake yalishuka mezani, yakapita juu ya nyota na mlima, yakarudi usoni kwa dada yake. "Aa," akasema. "Lile. Lenye vifungo vibaya." Akachukua chombo chake akaondoka, na Mama Pindo akabaki akimtazama mgongo mpaka alipokata kona. Kona ile ina njia mbili: moja inakwenda darajani, nyingine inakwenda kambini. Kutoka dirishani alipokuwa hakuweza kuona ameshika ipi.

Jumapili asubuhi mgambo wote waliitwa uwanja wa mpira kwa gwaride la pamoja. Buti Nyekundu walikuwa wamevaa beji mpya. Watu wa Mlimani walitoka nyuma ya majukwaa wakiwa wamevaa hizo hizo. Mgambo walinyang'anywa silaha wakapakiwa kwenye malori, na Msumari alikuwa miongoni mwao. Mke wake aliliona lori likipita barabara kuu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, na nyuzi bado zimemganda kwenye gauni. Msumari aliinua mkono. Mpaka leo haijulikani lori lile liliishia wapi, na familia haina kaburi lake.

Msiba ulikaliwa bila maiti. Siku ya kwanza kaka yake Msumari, fundi wa kuchomea vyuma, alisimama mbele ya watu wote. Alikuwa mtu asiyesema sana, kwa hiyo aliposema watu walisikia. Alisema, "Wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nauliza tu. Nguo zetu anashona nani?" Akakaa. Kuanzia hapo wifi zake hawakukanyaga tena dukani, na sare za shule zikapelekwa kwa mafundi wasioacha pindo.

Mama Pindo hakujitetea. Moyoni alikuwa na mshitakiwa wake. Aliamini Chiriku aligeukia njia ya kambini, akayamwaga maneno yale mbele ya Bwana Stoo pamoja na chai. Chiriku alikuja siku ya tatu ya msiba, akakaa mwisho wa mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema neno. Dada yake aliuchukulia ukimya ule kama kukiri. Hawakusemezana tena. Chiriku akahamia mji wa hospitali kubwa, akafungua mgahawa mkabala na lango la wodi.

Mwaka 1992 jeshi la nchi nyingine liliingia kuwafukuza Buti Nyekundu. Hawa walikuja na tabasamu na spika za kutangaza amani, na mji ukawaita Wapole. Wiki yao ya kwanza walimkamata Mama Pindo. Kamanda wao alipanga juu ya meza beji za kila aina zilizookotwa mjini: za nyota, za mlima, zile za nyota na mlima, na kipande cha njano.

"Zipi umeshona wewe?"

"Zote."

"Zote! Sasa wewe uko upande gani?"

"Upande wa nyuma, afande. Huko ndiko mafundo yaliko."

Kamanda alicheka bila kutaka, akamrudisha nyumbani. Baada ya siku chache akamtuma askari wake mmoja na beji ya Wapole, akiuliza zingekuwa tayari lini. Mama Pindo alizishona, maana watoto walikuwa watatu na baba hakuwepo. Miaka michache mbele Wapole nao wakapatana na mabaki ya Buti Nyekundu, wale wale ambao walikuja kuwafukuza. Yeye akabadilisha uzi. Watu wakasema cherehani yake haina dini. Alisikia, akaitia mafuta.

Mwaka 2001, alasiri moja, mtu mwenye mvi kabla ya wakati aliingia dukani na jaketi lenye zipu mbovu. Mama Pindo alimtambua kwa bega lake lililoinama: alikuwa dereva wa greda la barabara, aliyewahi kuwa mgambo wa daraja chini ya Msumari. Mji ulimhesabu miongoni mwa waliopakiwa kwenye lori. Mama Pindo hakumkaribisha kiti. Alishika mkasi, si kwa kazi.

"Wewe si umekufa?"

"Bado, Mama."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Hapa haji mtu bila kutumwa."

Greda, hilo ndilo jina tulilomjua nalo, alitazama nyuma yake mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wako alifika darajani. Ile Ijumaa. Alikuja na pumzi juu."

"Uongo una miguu mingi. Alisema nini? Neno kwa neno."

"Alisema koti limegeuka, bitana iko nje. Asilivae Jumapili. Aende kwa mama yake, akavae la baba yake. Sisi tulicheka. Msumari na koti? Yeye hakucheka. Alitembea daraja lote mpaka mwisho. Aliporudi alituambia, 'Maneno ni ya mke wangu, lakini mdomo ni wa kambini. Wanataka tutoroke daraja, ili wapate sababu.' Akasema yeye anabaki, ila anayetaka kwenda aende, hatamwandika kuwa mtoro. Tuliondoka watatu."

Mama Pindo aliketi. Mkasi ulikuwa bado mkononi. "Miaka yote hii ulikuwa wapi na maneno haya?"

"Mama, ningekuja kusema nini? Mtu akitoka mzima kwenye nyumba iliyoungua, kitu cha kwanza anachoulizwa ni kiberiti."

Alimrekebishia zipu. Kesho yake alifunga duka, akapanda gari la asubuhi kwenda mji wa hospitali. Alimkuta Chiriku nyuma ya mgahawa, anakwangua sufuria. Wanawe wameyasikia mazungumzo yale mara nyingi, kwa sababu Chiriku ndiye msimuliaji, na kila mara hulia mahali pale pale.

Chiriku alisema bila kuinuka, "Nani amekufa?"

"Hakuna. Ulikwenda darajani."

"Nilikwenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?" Akaendelea kukwangua. "Ulinitazama pale msibani kama mtu anayetazama nyoka kwenye beseni la nguo. Na mimi nikajiuliza: je, kama ni yeye? Maana ulikuwa umekaa na askari mlangoni, dada. Ningejuaje kwamba si wao waliokupa yale maneno ya koti, ili niwatoe wanaume darajani wakapigwe risasi njiani? Nilibeba maneno yako bila kujua ni dawa au sumu."

"Lakini uliyabeba."

"Nilikimbia nayo, dada. Nilikimbia mpaka viatu vikakatika."

Mama Pindo alivua kanga yake ya begani, akakunja mikono ya gauni, akaketi chini, akavuta sufuria ya pili. Walisugua vyombo vyote vya mgahawa ule. Huo ndio ulikuwa msamaha wao. Hatujui kama kulikuwa na mwingine.

Alirudi na kumweleza shemeji yake, fundi wa vyuma, kila neno. Shemeji aliinua miwani yake ya kuchomea, akamsikiliza mpaka mwisho. "Shahidi wako ni mtoro," alisema, "na mjumbe wako alikuwa mpishi wao." Akashusha miwani. Hilo nalo familia imeona lisemwe, kwa kuwa marehemu hakumchukia kwa hilo. Alisema, "Mtu aliyefiwa bila maiti lazima amshike mtu fulani. Alinishika mimi kwa sababu nilikuwa karibu."

Mwaka 2021 Mama Pindo aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Matibabu ya kusafishwa damu yalikuwa katika hospitali kubwa, na barabara ya kwenda huko ilikuwa na vizuizi vitatu, kila kimoja na jeshi lake, na kila jeshi na rafiki zake wa mwezi ule. Chiriku alihamia kwa dada yake ili amsindikize. Kwenye vizuizi Chiriku aliongea na dada yake alinyamaza, na kwa ushirikiano huo walifika kila mara. Marehemu aliendelea kushona vitu vidogo akiwa kitandani. Manesi wa zamu walipata wote sare zilizofupishwa vizuri, na mwaka wa pili wa ugonjwa bado aliweza kumwonyesha askari aliyekuja kumpekua kwamba beji yake imeshonwa juu chini.

Mwezi Oktoba mwaka huu wa 2023 hali yake ilizidi kuwa mbaya, madaktari wakashauri arudishwe nyumbani. Ndipo shemeji yake alipokuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama alivyozoea kusimama tangu ule msiba.

"Shemeji," Mama Pindo alimwambia, "miaka yote umenitazama kutoka mlangoni. Njoo ukae, unitazame usoni. Uulize unachotaka kuuliza."

Alikaa. Chiriku alikuwa pale, kikombe cha dawa mkononi, na ndiye anayesimulia. Mzee aliuliza kwa sauti ya chini, "Alipopita kwenye lori. Alikutazamaje?"

"Aliinua mkono."

"Kwa hasira?"

"Kama mtu anayeaga akienda kazini."

Shemeji aliiweka kofia gotini. Hakusema ameamini. Hakuomba msamaha, wala marehemu hakumdai. Alipoinuka aliuliza kitu kimoja tu: kama familia ilikuwa imeshapata mtu wa kuchimba.

Mama Pindo alifariki dunia tarehe 9 Novemba 2023, asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Ameacha watoto watatu: binti, ambaye ni fundi wa nguo mwenye duka lile lile la barabara kuu, na vijana wawili, mmoja muuguzi na mwingine mpimaji wa ardhi. Ameacha wajukuu saba, wote wenye sare zinazoweza kushushwa. Ameacha mdogo wake Chiriku, ambaye ameomba asipewe nafasi ya kuzungumza leo kwa sababu anajijua. Ameacha wanaume watatu walioondoka darajani, pamoja na watoto waliowazaa baada ya siku ile. Wawili kati yao wamebeba jeneza. Na ameacha shemeji yake, fundi wa vyuma, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Kaburi hili mnaloliona alianza kulichimba jana alfajiri. Vijana walikwenda kumpokea koleo, akawakatalia. Akawakatalia tena mchana. Alilimaliza jua likiwa linazama, akalipima kwa kamba pande zote nne, akakaa ukingoni mpaka tulipomfuata kwa taa.

Mama, lala. Amani ambayo juu ya ardhi hii ilipita mikono mingi bila kukufikia, ikukute hapo ulipo, na pasiwe na mtu wa kukuuliza uko upande gani.